Hamu ya Kula na Urithi wa Ukoo

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa sisi wa kamati ya afya mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, siku ya semina ya lishe. Wengi hamkufika kwa sababu ya mvua na hali ya barabara, kwa hiyo tumeyaandika hapa, pamoja na swali moja lililoulizwa mwishoni.)



Tuliombwa tuzungumze juu ya lishe. Tunajua wengi wenu mlitarajia tuseme tena habari za sukuma wiki, maharagwe na mayai. Hayo tumeyasema mwaka nenda mwaka rudi, na akina mama mnayajua kutushinda. Leo tunataka kuzungumza juu ya mtu ambaye chakula kipo mbele yake na hali, na pia juu ya yule ambaye ameshiba lakini hawezi kuacha. Na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Kuna msichana mmoja ambaye kikundi kimojawapo cha hapa kilikuwa kinamsaidia karo. Jina hatulitaji, wala kikundi. Mama yake ametukubalia tuyaseme haya. Msichana alikuwa shule ya bweni. Likizo moja alirudi amepungua mwili, na watu wakamsifu. Hata sisi tulipokutana naye tulimwambia, "Umependeza kweli!" Likizo iliyofuata mifupa ya mabega ilikuwa inaonekana juu ya nguo. Hapo watu wakaanza kunong'ona juu ya ukimwi. Akapimwa, hana. Akapimwa kifua kikuu, hana. Sisi tukampa dawa ya minyoo. Majirani wakasema ni mapepo. Mweka hazina wa kikundi akasema huyu mtoto ana kiburi tu, analipiwa karo na bado anasukuma ugali wa mama yake kando. Mchango ukasimamishwa.

Na sisi tulifanya nini? Tulimwita mama. Tukamwuliza anapika nini, anamgombeza mtoto namna gani, kuna ugomvi gani nyumbani. Tulimhoji kama mshtakiwa. Alilia, akafunga leso yake, akaenda zake. Kwa miezi minne hakuja tena kliniki wala mkutanoni. Katika miezi hiyo minne msichana alianguka njiani akienda mtoni, akabebwa mpaka hospitali ya kaunti, mapigo ya moyo wake yakiwa yamepungua sana. Ni huko ndiko daktari wa magonjwa ya akili alipoupa ugonjwa jina lake, anoreksia.

Kumbe ni ugonjwa, na ni ugonjwa unaoua. Katika magonjwa yote ya akili, huu ni mmojawapo wa yale yanayoua watu wengi zaidi, wengine kwa njaa na moyo kusimama, wengine kwa kujitoa uhai. Tangu siku hiyo tumewasumbua sana madaktari kwa maswali, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, njaa yenyewe. Ukimwuliza mtu njaa ni nini, atakuambia ni tumbo tupu. Lakini anayeamua ule au usile ni ubongo. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo, hata kidole gumba kinaizidi, ambayo kazi yake mojawapo ni kupokea habari za mwili: akiba ipo kiasi gani, chakula kimeingia saa ngapi. Habari hizo zinasafiri kwa damu, na vitu vinavyozibeba ndivyo vinaitwa homoni.

Chukueni mfano wa ghala la mahindi. Mafuta ya mwili wako ndiyo ghala. Mafuta hayo yanatoa homoni inayoitwa leptini. Ghala likiwa limejaa, leptini ni nyingi, na ubongo unaridhika. Ghala likipungua, leptini inashuka, na ubongo unatoa amri mbili kwa pamoja: tafuta chakula, na tena punguza matumizi. Ndiyo sababu mtu aliyekonda sana anasikia baridi wakati wote, na msichana hedhi yake inakatika. Mwili umefunga milango ili akiba isiishe. Homoni ya pili ni grelini, nayo inatoka tumboni. Hii ni kama kengele ya shule, inapanda kabla ya chakula na kushuka mtu akishakula. Zipo nyingine za utumbo zinazomwambia mtu "sasa basi, umeshiba", lakini hizi mbili zinatutosha leo.

Ni mambo ambayo hayajajulikana siku nyingi. Leptini iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, kwa kuchunguza ukoo wa panya wa maabara waliokuwa wanene ajabu na hawashibi. Grelini iligunduliwa Japani mwaka 1999. Wengi wenu mlikuwa mmeshaanza kulea watoto.

Sasa homoni hutengenezwa kwa maagizo, na maagizo hayo ndiyo jeni. Kila mmoja wetu amepewa nusu na baba na nusu na mama. Nyinyi wafugaji jambo hili mnalijua kutuliko. Una ng'ombe wawili katika zizi moja, majani ni yale yale, maji ni yale yale. Mmoja anang'aa, mwingine unahesabu mbavu. Hujamwita yule wa pili mwenye kiburi, sivyo? Unauliza fahali wake alikuwa yupi.

Kuna kisa kimoja kilichowafungua macho madaktari. Huko Uingereza walikuwepo watoto wawili, binamu wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistani. Walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini tangu uchanga walikuwa wanalilia chakula bila kukoma. Msichana alipofika miaka 8 alikuwa na kilo 86. Mvulana wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Madaktari wa Cambridge walipochunguza damu yao, wakaona leptini karibu haipo kabisa. Katika maagizo ya leptini ilikosekana herufi moja tu. Wazazi wao walikuwa na udugu wa damu, kila mmoja alikuwa na nakala moja mbovu bila kujua, na mtoto akapata mbovu kutoka pande zote mbili. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1997. Baadaye yule msichana alianza kudungwa sindano ya leptini kila siku, na kwa mwaka mmoja akapungua kilo 16 hivi. Si kwa sababu alichapwa au alihubiriwa. Ubongo wake ulipata habari uliyokuwa unaikosa, njaa ikatulia.

Na sikilizeni hili pia, maana ndilo lililotuchoma sisi. Mwishoni mwa mwaka 2009 madaktari hao hao walieleza juu ya watoto wengine wanene sana, ambao walikuwa wamekosa kipande cha jeni katika kromosomu ya 16. Baadhi yao walikuwa wameandikwa na maofisa wa ustawi wa watoto kuwa wako hatarini, ati wazazi wanawalisha kupita kiasi kwa makusudi. Kipimo kilipotoka, majina yao yakafutwa katika orodha. Hao ni watu wenye ofisi na vyeti, na walifanya lile lile tulilomfanyia mama yetu hapa.

Lakini msitoke hapa mkasema kila mnene amekosa leptini. Hapana. Kisa cha wale binamu ni cha nadra sana. Watu wengi wanene wana leptini tele, ila ubongo umeizoea kama mtu anayelala karibu na mashine ya posho, hasikii tena mlio. Sindano ya leptini haiwasaidii. Na wataalamu nao huwa wanaharakisha wakati mwingine. Iko jeni nyingine, inaitwa MC4R, ambayo ni kama kufuli la shibe ndani ya ubongo. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba wote wenye kasoro katika jeni hiyo wanashikwa na ugonjwa wa kula kwa pupa, yaani mtu anakula chakula kingi mno kwa muda mfupi, hawezi kujizuia, kisha anaona aibu. Wengine walipopima, hawakuona hivyo. Kasoro hiyo kweli inaleta njaa na unene, lakini kusema kila aliye nayo ana ugonjwa huo ilikuwa ni kupita mipaka.

Sasa turudi kwa msichana wetu. Kwake mambo yako kinyume, na hapa hata sisi tulikwama mwanzoni. Mgonjwa wa anoreksia ukimpima leptini, iko chini kabisa, maana ghala ni tupu. Ukimpima grelini, iko juu. Kengele inalia, inalia, naye hali. Basi huwezi kusema ugonjwa huu ni homoni moja iliyokosekana. Homoni zinafanya kazi yake, ila kuna kitu kati ya kengele na mkono. Wagonjwa wengine wanasema kula kunawaletea hofu kubwa, na kukaa na njaa kunawatuliza.

Tena njaa yenyewe inabadilisha akili. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, vijana wanaume 36 walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili madaktari wajifunze namna ya kuwahudumia watu wenye njaa baada ya vita. Walikuwa ni watu waliokataa kupigana, wengi wao kwa ajili ya imani yao. Walipoteza karibu robo ya uzito. Wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kukasirika ovyo, kujitenga. Hao walikuwa wazima kabisa walipoingia. Kwa hiyo ukimwona mtu amekonda na ana tabia za ajabu juu ya chakula, sehemu ya tabia hizo imeletwa na njaa, wala hukuiona tabia yake halisi.

Kwa nini basi wasichana kumi wanaingia bweni moja, wote wanapunguza chakula kidogo, tisa wanarudi kula na mmoja anazama? Hapo ndipo urithi unapoingia. Wataalamu wamefuatilia mapacha miaka mingi, wakaona kwamba mapacha wa kufanana wanashirikiana ugonjwa huu kuliko mapacha wasiofanana. Kwa hesabu zao, karibu nusu ya tofauti ya hatari kati ya mtu na mtu, au hata zaidi, inatokana na urithi. Mwaka 2019 ulitangazwa utafiti mkubwa wa jeni za wagonjwa 16,992 wa anoreksia, zikilinganishwa na za watu 55,525 wasio wagonjwa. Walipata sehemu 8 katika jeni zinazohusika. Hakuna hata moja iliyotosha peke yake kuleta ugonjwa. Kila moja inaongeza kidogo tu, kama michango ya harambee.

Kilichowashangaza ni hiki. Urithi unaomsogeza mtu karibu na anoreksia unafuatana na urithi wa wasiwasi na wa kurudia-rudia mambo, ndiyo, hilo walilitarajia. Lakini pia unafuatana na urithi wa mwili wenyewe: mafuta machache, leptini ndogo, insulini ndogo, na kupenda kutembea-tembea na kufanya mazoezi. Maana yake, yule mmoja katika kumi huenda alizaliwa na mwili ambao ukianza kukonda haupigi breki kama miili ya wengine. Kichwa na tumbo vyote vimo. Zipo tafiti ndogo za zamani zilizojaribu kuilaumu jeni ya grelini peke yake, lakini majibu yake yalipingana, kwa hiyo hatutaweka uzito hapo.

Mtatuambia, "Lakini hayo ni ya wazungu." Ni swali la haki, kwa sababu karibu wagonjwa wote wa utafiti ule wa 2019 ni watu wa asili ya Ulaya. Sehemu zile 8 hatuwezi kuzihamisha hapa kama mbegu ya mahindi ya dukani na kudhani zitaota vile vile. Jeni za watu wa Afrika zina aina nyingi kuliko za bara lolote, na katika jambo hili bado hazijafanyiwa kazi ya kutosha. Ila ugonjwa wenyewe upo kwetu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2007 ulikuta dalili zake kwa baadhi ya wanawake wa Tanzania. Na mwaka 2004 ulitangazwa utafiti kutoka Ghana, katika shule za sekondari za wasichana. Walikuwepo waliojinyima chakula mpaka wakaharibika mwili, na sababu waliyoitoa haikuwa kuogopa unene. Walisema ni kujitawala, ni mambo ya dini. Hili linatugusa sisi tunaofundisha watu kufunga. Mtoto anayefunga na kusahau kufungua, tusimtolee kama mfano kwa wenzake kabla hatujamwangalia vizuri.

Sasa tufanye nini? Kwanza ndimi zetu. Msichana wetu alisema mambo yalianza kwa sifa. Sisi tulimsifu kwa kukonda, na kabla ya hapo shangazi yake alikuwa akimwita "mnono" mbele ya wageni. Maneno hayo mawili tungeweza kuyaacha bila gharama hata senti moja.

Pili, dalili. Mtazameni anayekonda upesi huku akiwapikia wengine kwa bidii na yeye hali, anayesema daima "nimekula huko nilikotoka", anayeficha chakula mfukoni, anayekwenda choo kila baada ya chakula na kurudi macho mekundu, maana wako wanaojitapisha na hao wanaweza kuwa na mwili wa kawaida tu. Wavulana pia wamo. Hedhi ikikatika na hana mimba, akizimia, akisikia baridi kwa jua, msingoje likizo iishe. Mpelekeeni mhudumu wa afya wa jamii au mfikisheni kituo cha afya, na ombeni barua ya kwenda kwa daktari wa akili katika hospitali ya kaunti.

Tatu, na tunaomba mtusikie sana, mtu aliyekaa na njaa muda mrefu asifanyiwe karamu. Mwaka 1945 vita vilipokwisha, wafungwa waliotolewa kambini walilishwa ghafla chakula kingi na wengine wakafa. Mwili ulioishiwa ukipewa chakula kingi kwa mara moja, madini ya damu yanaporomoka na moyo unaweza kusimama. Akina mama mliowahi kulaza mtoto mwenye utapiamlo mkali mnakumbuka alianzishiwa maziwa mepesi, kidogo kidogo, saa kwa saa. Na huyu ni hivyo hivyo, chini ya macho ya daktari.

Dawa za chupa za kuleta hamu ya kula zinazouzwa madukani haziponyi ugonjwa huu. Kengele tayari inalia, kuongeza kengele ya pili kutamsaidia nini? Tena akitokea mtu anauza kipimo cha damu cha kutabiri ni mtoto gani atashikwa, mrudishieni karatasi yake. Kipimo cha namna hiyo hakipo.

Matibabu yaliyosaidia vijana wengi yalianzia hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980. Daktari anawaita wazazi, na jambo la kwanza anawaambia kwamba hawakuleta ugonjwa huu. Kisha anawakabidhi kazi ya kumlisha mtoto, mlo kwa mlo, wakikaa naye mpaka amalize, bila matusi wala fimbo, mpaka aweze kujitawala mwenyewe tena. Mnaona sasa ukubwa wa kosa letu. Mtu aliyekuwa dawa ndiye tuliyemfukuza kwa maswali.

Msichana yuko nyumbani, anasoma shule ya kutwa. Hajapona kabisa. Kuna siku anamaliza sahani, kuna siku mama anakaa naye saa nzima na uji umepoa. Kikundi kilipiga kura kurudisha karo. Si wote walioinua mkono, na hatutawaficha hilo. Tulikwenda kwa mama tukamwomba radhi, sisi watatu, naye akatukaribisha chai.

Swali tulilosema ni lake. Alisimama hapa mwishoni, akauliza: "Kama ni mambo ya ukoo, basi huyu mdogo wake naye atashikwa?"

Tulimjibu hivi. Mama, hatari yake ni kubwa kuliko ya mtoto wa jirani, hatuwezi kukudanganya. Lakini ugonjwa huu si wa kawaida hata katika koo zilizo nao, na ndugu wengi wa wagonjwa hawaupati kamwe. Jeni hazikuandika jina lake. Yuko na miaka 11 sasa, na miaka ya hatari inaanza wakati mwili unapobadilika. Mle pamoja kila jioni, msimpime uzito kila wiki kama gunia, msiseme juu ya mwili wake kwa sifa wala kwa dhihaka. Akianza kupunguza sahani kwa majuma mawili au matatu bila kuumwa, njoo kwetu siku hiyo hiyo, na safari hii hatutakuuliza unapika nini.

Akauliza tena kama ni lazima huyu mdogo aambiwe. Tukasema aambiwe kwa kadiri ya umri wake: dada yake ni mgonjwa, hakufanya kosa. Shangazi alikuwa ameketi safu ya tatu. Akasema amesikia.